Siku Mama Pazia Alipoketi

Mdogo wangu amefanya kazi kwenye mlango wa sinema kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuketi akatazama picha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wakisikia hucheka, kana kwamba wameambiwa mpishi fulani hajui ladha ya chumvi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nitaeleza kwanza alivyofanya kazi, kisha nieleze siku aliyoketi, maana siku hiyo ilinigusa na mimi.

Mtaani wanamwita Mama Pazia. Ukumbi wetu una mlango mmoja mpana, na ndani ya mlango huo linaning'inia pazia zito jekundu, limepauka kwa jua na kwa mikono ya watu. Kazi yake ni kuzuia mwanga. Watu wakiingia, mdogo wangu hukata tiketi. Taa zikizimwa hulishusha pazia, akajiegemeza nje kwenye mwimo wa mlango na sindano zake za kufumia. Picha ikiisha hulivuta kwa mkono wa kushoto na kuwatazama watu wanavyotoka mmoja mmoja.

Hapo ndipo penye ujuzi wake. Kila picha mpya ikishaonyeshwa mara ya kwanza, Meneja hushuka kutoka ofisini na kumuuliza swali moja tu: "Mama Pazia, siku ngapi?" Akisema tatu, picha itakaa siku tatu. Akisema wiki mbili, Meneja hubandika tangazo la wiki mbili. Alikosea mara mbili tu, na katika hizo moja ni mvua iliyokosea.

Nilimuuliza zamani huwa anatazama nini.

"Midomo ya watu ina adabu nyingi, Dada," alisema. "Mimi natazama mikono na miguu. Anayepapasa mfukoni kutafuta funguo akiwa bado ndani, huyo ameshafika kwake zamani. Anayeanza kusimulia kabla hajafika kwenye mwanga, huyo hajaguswa. Lakini anayefika kwenye ngazi akasimama, hajui ashuke au arudi, huyo kesho anakuja na mwenzake."

"Na wakisimama wote?"

"Basi Meneja ajenge ngazi nyingine."

Kuhusu kutotazama picha zenyewe alikuwa na jibu fupi: "Mpishi aliyeshiba haonji." Nililiamini jibu hilo miaka mingi. Siku hizi nadhani lilikuwa nusu ya jibu. Ndani kule kuna giza, na mtu akikaa gizani saa mbili mikono mitupu, mambo humjia. Naye alikuwa na jambo la kumjia.

Miaka ishirini na tisa iliyopita alikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka saba, tukimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulifunguliwa na jogoo na kufungwa na usingizi. Mdogo alikuwa na miaka mitatu, mnene, mashavu yamemeza macho, tukimwita Kibonge. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na tangi la maji la chini ya ardhi lenye kifuniko cha chuma. Jumamosi moja asubuhi kifuniko kilikutwa wazi, na Kibonge akakutwa ndani.

Sitasema zaidi ya hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi hakuniomba nimsemee.

Siku iliyotangulia, Ijumaa jioni, Fundi wa pampu alikuwa amekuja kutengeneza pampu ya tangi lile na hakuimaliza. Kwa hiyo watu walipoanza kuulizana nani aliacha kifuniko wazi, Fundi alikuwa kwenye ncha ya kila ulimi. Lakini aliyemtaja ni mimi. Jioni ya msiba, ua umejaa watu, nilisimama nikasema nilipita pale Ijumaa nikamwona Fundi akifungasha vyombo vyake na kuondoka, kifuniko kikiwa wazi. Nikaapa. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini tangu utotoni nasifika kwa kukumbuka, nani alivaa nini, nani alimwambia nani, mwaka gani. Nikisema nimeona, mtaa huandika. Fundi alikana, akakana tena, kisha akanyamaza. Hakuna aliyempeleka popote. Watu waliacha tu kumwita kazini. Akabaki na kibanda chake mtaa wa pili, akitengeneza pampu za watu wa mbali wasiojua habari zake. Tukikutana njiani, mmoja wetu alivuka upande wa pili.

Chiriku naye alinyamaza. Jina likabaki, sauti ikaondoka. Akakua, akasoma, akashika kamera, na mwaka jana akamaliza picha yake ya kwanza ya kuonyeshwa kwenye kumbi. Ilikuwa na jina lake la kwenye mabango, ila baadaye mtaa uliipa lake: Picha ya Kifuniko.

Mimi niliiona kabla ya mama yake. Wageni walialikwa kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, waandishi wa magazeti wakiwa safu ya mbele na madaftari magotini. Mdogo wangu alikataa kwenda. "Mimi naonja mlangoni," alisema. "Na mlango wangu si ule."

Ilikuwa picha ya roho juu, mtu unakaa nusu ya kiti. Mama mmoja anaishi peke yake kwenye nyumba aliyofiwa na mtoto. Kila akiingia chumba anaikumbuka siku ile upya, na kila mara imebadilika kidogo. Mara ndoo ni ya njano, mara ya bluu. Mara mlango wa uani umefungwa, mara unapigapiga. Anasikia chuma kikiburuzwa kwenye saruji, anakimbilia dirishani, uani hakuna mtu. Chiriku alikuwa ameijenga ile nyumba upya, ile ile, hadi ufa wa kwenye sinki. Niliogopa, lakini kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo nitaifikia. Mwisho kabisa mama yule anakumbuka sawasawa. Unaonekana mkono mwembamba wa mtoto wa kike. Unashika kifuniko. Unakinyanyua.

Taa zikawaka. Chiriku alinikuta kwenye ngazi, nimeshika ukuta.

"Umeona, Mama Mkubwa?"

"Nimeona."

"Ndiyo hivyo. Si Fundi. Ni mimi." Alisema kwa sauti ndogo kama anayetaja namba ya nyumba. "Nilikifungua kucheza. Miaka yote hii nimeshindwa kumwambia Mama kwa mdomo. Ndiyo nimemwambia kwa picha."

"Mwanangu! Na akishaiona?"

"Jumamosi inaonyeshwa kwenu, saa tisa. Nitakuwepo. Akinikataa nitajua, niache kusubiri msamaha." Akanishika mkono. "Usimwambie kitu. Nakuomba."

Nikaahidi. Nilirudi nyumbani nikiwa na siri yake upande mmoja na yangu upande wa pili, na sikujua ipi nzito zaidi.

Ijumaa magazeti yakatoka. Nilimkuta mdogo wangu kwenye baraza ya jirani yake Mshonaji, mwanamke anayejua habari za mtaa kabla wenyewe hawajazifanya. Mshonaji alikuwa amesimamisha cherehani, gazeti lipo juu ya kitambaa cha mteja.

"Karibu, Bi Mkubwa! Njoo usikie mtoto wenu anavyosifiwa na kuchapwa viboko kwa wakati mmoja."

Gazeti moja lilisema ndiyo picha bora ya mwaka, anayelia kwa urahisi aende na leso mbili. Redioni tangu asubuhi watu walikuwa wakipiga simu. Bwana mmoja alisema si heshima kuchezea kumbukumbu za mama aliyefiwa. Mama mmoja akamjibu kwamba yeye ameiona mara mbili, mara ya kwanza amefumba macho. Lakini gazeti lenye Mhakiki, yule ambaye Meneja humsoma akiwa amesimama, lilikuwa na maneno mengine. Mshonaji alikohoa, akasoma:

"'Kwa saa moja na nusu mwongozaji huyu ametukaba koo, na mkono wake haukutetemeka. Sijaona majonzi yakitisha hivi bila damu hata tone. Kisha mwisho ukaiangusha picha nzima. Mkono wa mtoto unanyanyua kifuniko cha chuma kama mtu anayefunua sufuria ya mboga. Hapo niliacha kuamini. Ama anayekumbuka anakumbuka vibaya, ama mwongozaji ametudanganya.'"

"Ana wivu huyo," nikasema haraka mno.

"Wivu wa nini? Yeye ana vifuniko?" Mshonaji akacheka peke yake.

Mdogo wangu alikuwa akifuma. Sindano zilisimama.

"Kifuniko cha nini?" aliuliza.

Mshonaji akalitazama gazeti, akanitazama mimi, na cheko lake likakatika. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama ua ule siku ile.

"Dada." Mdogo wangu hakuinua macho. "Kwenye picha hiyo kuna tangi?"

"Si kesho inakuja kwenu? Nenda ukaone."

"Nimekuuliza, sijakuomba unitume."

Nikasema lipo. Akauliza mkono wa mtoto ni mkono wa nani. Nikasema nimeahidi kunyamaza. Aliukunja ufumaji wake taratibu, akazichomeka sindano ndani ya bonge la uzi, akaondoka bila kuaga. Mshonaji alirudisha mguu kwenye cherehani lakini hakukanyaga.

"Bi Mkubwa, siku ile wewe si ndiye uliyeapa umemwona Fundi?"

"Mimi ndiye," nikasema.

Jumamosi saa nane na nusu foleni ilikuwa imefika kona. Maneno ya magazeti yalikuwa yamefanya kazi, wengine wamekuja kulia, wengine kukagua kifuniko. Meneja alikuwa anatoka jasho. Alikuwa amebandika tangazo la siku moja tu, kwa penseli.

"Mama Pazia, leo nakutegemea. Mhakiki ameuponda mwisho wake. Wewe ukisema siku moja, naitoa kesho, hata kama ni mtoto wako. Tumeelewana?"

"Niliwahi kukudanganya?"

"La."

"Basi nipishe, nikate tiketi."

Akazikata zote, moja moja, bila kukosea mstari. Chiriku alikuwa amesimama chini kwenye ngazi, mikono ndani ya mifuko ya koti, anatazama viatu vyake. Mama yake alimwona. Hakumwita. Taa zilipozimwa mdogo wangu alilishika pazia, nikadhani atalishusha kama kawaida. Badala yake alivua koti lake la kazi, akanipa mimi.

"Shika pazia, Dada."

"Unakwenda wapi?"

"Kuketi."

Meneja alifungua mdomo. "Na mlango?"

"Una dada yangu. Ana kumbukumbu nzuri, hatasahau kuufunga."

Sijui kama alikusudia kunichoma, lakini nilichomeka. Akaingia gizani.

Nilisimama pale saa moja na nusu. Kitambaa kile kina uzito wa mtu aliyelala. Picha nilikuwa naijua, kwa hiyo kila sauti iliyopenya ilinieleza mdogo wangu anaona nini. Hapo mlango unapigapiga. Hapo ndoo imeanguka. Hapo chuma kinaburuzwa. Nikasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi, na nikajua wamefika kwenye dirisha la jikoni, na baada yake ni mahali paliponipata mimi siku ile mjini.

Niseme sasa. Kwenye picha yupo pia Fundi, dakika mbili tu, Ijumaa jioni. Kamera imesimama kwenye kijia cha pembeni ya nyumba, pale pale nilipopita mimi. Fundi ananawa mikono kwenye bomba. Nyuma yake kuna ukuta wa jiko. Na nyuma ya ukuta huo, pasipoonekana kabisa, hata ukisimama kwa vidole vya miguu, ndipo lilipo tangi. Chiriku alikuwa amejenga kila tofali mahali pake. Kwenye kiti changu cha mjini nilijikuta nanyoosha shingo ili nione nyuma ya ukuta, mtu mzima na mvi zangu, na haikuwezekana. Haikuwezekana na siku ile. Nilichokuwa nimekiona ni mtu ananawa mikono. Kifuniko nilikiongeza mwenyewe uani kwa watu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa chini anagaragara na ilibidi awepo mtu wa kulaumiwa. Na nilipokwisha kukiongeza nikakiona. Miaka ishirini na tisa nimekiona kila nikifumba macho, kiko wazi, na kutu yake.

Chiriku alipanda ngazi mbili, akashuka moja.

"Imefika wapi, Mama Mkubwa?"

"Mkono," nikasema. "Sasa hivi ni mkono."

Akakaa chini palepale kwenye saruji, akaziba masikio. Hakukuwa na sauti yoyote ya kuziba.

Nikalivuta pazia. Watu wakatoka, na mimi nikawatazama kama nilivyofundishwa. Wa kwanza alisimama kwenye ngazi. Wa pili akamgonga mgongoni, naye akasimama. Mshonaji alitoka na leso mdomoni, hana hata neno moja la kusema, kitu ambacho sijawahi kukiona kabla wala baada ya hapo. Ngazi zikajaa watu wasiojua waelekee wapi, hadi Meneja akaanza kuwasukuma kwa upole kama mifugo. Mdogo wangu hakutoka. Nikachungulia. Alikuwa kwenye kiti cha safu ya mwisho, mikono mapajani, skrini nyeupe mbele yake.

Alitoka wa mwisho. Meneja akamkimbilia.

"Mama Pazia, siku ngapi?"

Alimpita kama nguzo. Akashuka hadi kwa Chiriku, akasimama ngazi moja juu yake. Chiriku akainuka. Nilijua mdogo wangu hajawahi kumpiga mtoto, lakini nililiachia pazia nikasogea.

"Nani alikuambia ulikinyanyua?" mama aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Nakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Chuma. Baridi yake. Nimekishika, halafu giza, halafu maji yanang'aa chini."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono, Mama. Nisamehe. Nilikuwa nacheza, nika..."

"Nyamaza kwanza." Aliishika mikono yote miwili ya mtoto wake, akaigeuza, akaitazama viganja kama anayetafuta mwiba. "Kifuniko kile baba yako alikuwa hakiwezi kwa mikono. Nilikuwa nakinyanyua kwa mtaimbo, tena nikiukalia. Wewe ulikuwa huwezi kunyanyua hata kiti cha jikoni. Yule wa gazeti hajui habari zako wala zangu, lakini amejua hilo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Chiriku alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Pampu ilikuwa mbovu," mama aliendelea. "Jumamosi asubuhi nilitaka maji. Nikachukua mtaimbo, nikakisogeza, nikachota ndoo moja. Nikasema nitachota ya pili, nikakiacha hivyo hivyo. Dada yako huyu hapa..." Akageuka, akakosea, akajisahihisha. "Mama yako Mkubwa huyu hapa akaniita getini. Tukasimama tunaongea. Sikumbuki hata tuliongea nini."

Mimi nakumbuka. Tuliongea juu ya kitambaa cha pazia la sebuleni. Sikusema.

"Na ile baridi ninayoikumbuka?"

"Ulikuja nyuma yangu. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mkono wangu uko ndani ya maji namtafuta. Ulitaka kuchungulia. Nikakupigia kelele, shika chuma, usiingie! Ukakishika. Ulikishika hadi wakaja watu kukubandua vidole." Akavikunja vidole vya Chiriku ndani ya viganja. "Ulitii, mwanangu. Hicho ndicho ulichofanya siku ile. Ulitii."

Chiriku alitoa sauti ambayo sikuisikia kwake tangu akiwa na miaka saba. Mama yake akamshika kichwa, akakibana kifuani kwenye vifungo vya blauzi, na watu waliobaki kwenye ngazi wakatazama pembeni.

Baadaye kidogo Chiriku aliuliza, uso bado umefichwa: "Kwa nini hukusema?"

Mdogo wangu alinitazama mimi, si yeye.

"Jioni ile nilikuwa nataka kusema. Lakini dada yangu akasimama akaapa. Amemwona Fundi. Na dada yangu hasahau. Nikajiambia, basi labda mimi ndiye niliyeota, labda nilikikuta kimeshafunguliwa. Nikakishika kiapo chake kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Asubuhi yake nilijua si kweli. Lakini kamba ilikuwa mkononi."

"Sikukiona kifuniko," nikasema. Maneno mawili haya yalinichukua miaka ishirini na tisa. "Kuna ukuta wa jiko."

"Najua. Nimeuona leo. Nami nilikuwa nikiishi humo, nikijua, na sikukuambia."

Meneja alikuwa bado amesimama na penseli yake, maskini, hajui akohoe au aondoke. "Mama Pazia, samahani sana. Watu wa saa kumi na moja wapo mlangoni. Siku ngapi?"

Mdogo wangu akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Wiki tatu," alisema. "Na kesho saa tisa niwekee kiti kimoja, safu ya katikati."

Jumapili asubuhi tulikwenda kwa Fundi, mimi na yeye. Chiriku alitaka kuja, mama yake akamkatalia: "Wewe huna deni kule." Kibanda chake kina mlango wa mabati na harufu ya grisi. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pampu imefunguliwa kati ya magoti, miwani imefungwa kwa uzi. Alitutazama, akarudisha macho kwenye kazi yake.

"Pampu gani imeharibika?" aliuliza.

Mdogo wangu akamwambia yote, amesimama, bila kupunguza. Fundi alikuwa akifuta mpira wa pampu kwa kitambaa, akiuzungusha, anafuta, anauzungusha. Alipomaliza kusikia alisema:

"Nilikifunga. Niliwaambia siku ile. Nilikikanyaga na kisigino kuhakikisha kimekaa."

"Ulituambia," mdogo wangu alisema.

Kisha Fundi akanigeukia mimi. "Wewe ulipita pale kijiani. Ulinisalimia. Ukaniuliza mke wangu amepona homa, nikakujibu amepona. Hilo unalikumbuka?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa nguvu zangu zote, mimi ninayejua nani alivaa nini mwaka gani. Hapakuwa na kitu pale.

"Silikumbuki," nikasema.

"Mimi nalikumbuka kila siku." Akaiweka pampu chini. "Siku nne baadaye mke wangu alikwenda dukani, hakuna aliyemsalimia."

Mdogo wangu akatoa tiketi, akamnyooshea. Hakuipokea.

"Mnanipeleka nikaangalie picha? Uliapa kwa sauti, Bi Mkubwa. Watu wamejaa. Sasa unakuja kutengua hapa kibandani, tuko watatu na pampu?"

Mdogo wangu aliiweka tiketi juu ya kopo la misumari, tukaondoka.

Saa nane na nusu foleni ilikuwa ndefu kuliko ya jana. Niliwatazama wale watu. Robo yao walikuwepo ua ule, au mama zao walikuwepo. Nikajikaza kisabuni, nikapanda ngazi ya juu kabisa, nikashika kamba ya pazia.

"Jamani, nisikilizeni!"

"Heh! Bi Mkubwa leo amekuwa redio!" Mshonaji alipaza sauti kutoka katikati ya foleni, na watu wakacheka. Wakati bado wanacheka nikamwona Fundi, upande wa pili wa barabara, ana shati lililopigwa pasi, amesimama kwenye kivuli cha duka lililofungwa. Hakuvuka.

Nikasema. Nilitaja mwaka, nikataja siku, nikataja kijia na bomba na ukuta. Nikasema niliapa uongo, na kwamba Fundi alikifunga kifuniko na kukikanyaga kwa kisigino, na kwamba alisema hivyo mbele yetu tukamzomea. Mdogo wangu alikuja akasimama kando yangu, akasema aliyekifungua ni yeye, na alijua. Hakuna aliyecheka tena. Bibi mmoja alitema mate chini, sijui kwa ajili ya nani kati yetu, na ilikuwa haki yake. Mshonaji aliinamisha uso. Kisha foleni ikageuka nyuma, mmoja baada ya mwingine, wakatazama ng'ambo.

Fundi akavuka barabara. Hakuharakisha. Watu wakampisha, akapanda hadi mlangoni, akatoa tiketi mfukoni, imeingia grisi pembeni. Mdogo wangu aliikata, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja akakosea mstari.

Picha ilikaa wiki nne, alikosea kwa wiki moja. Chiriku hakubadilisha mwisho. Alisema ule mkono ni wa yule mtoto aliyekuwa yeye, na mtoto yule aliamini hivyo. Mhakiki hajui mpaka leo kwamba alisema kweli, wala hakuna aliyemwandikia.

Lakini ninachokiona nikifumba macho siku hizi ni Jumapili ile, picha imeisha, mdogo wangu amelivuta pazia, mimi niko kando yake. Watu wanatoka, wanafika kwenye ngazi, wanasimama. Fundi akaja katikati yao. Sisi wawili tulitazama miguu yake, kisha mikono yake. Hakusimama. Alikuwa bado ndani, hajafika hata kwenye mwanga, na mkono wake ulikuwa mfukoni, unapapasa funguo.